Mlamu wa Bwawani

Tangu siku yalipoondolewa matanga ya mumewe Yohanes, Kunegunda hakumwita Xaveri Kapinga kwa jina lake tena. Alimwita Mlamu wa Bwawani, na kila alipolitamka jina hilo alilitema kama mtu atemaye kokwa chungu. Mlamu ni shemeji, na katika nyumba nyingi za Songea neno hilo hutembea na kicheko, kwa kuwa mashemeji wameruhusiwa kutaniana. Katika nyumba ile ya mtaa wa Lizaboni kicheko kilizikwa pamoja na marehemu. Utani peke yake ndio uliobaki, nao ulikuwa umeota meno.

Xaveri alikuwa mtu mwembamba, mwenye mvi zilizokatwa chini kabisa, na shati alilolifunga kifungo cha shingoni hata wakati wa joto. Alizaliwa katika milima ya Umatengo, katika nyumba ya wakulima wa kahawa, akashuka mjini akiwa kijana kujifunza ufundi wa bomba. Kazi hiyo aliifanya mpaka magoti yake yalipoanza kulia kila alipochuchumaa. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki, na binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mbali. Alibakiwa na vyumba viwili vya kupanga, shamba dogo la kahawa kule kwao, ambalo alikwenda kulinyunyizia dawa kila msimu, na bwawa la marehemu kaka yake, Yohanes.

Bwawa lenyewe lilikuwa na historia. Wawili hao walipokuwa wadogo, mdogo wao Emanuel alichukuliwa na mto wakati wa masika, nao wakiwa wamesimama ukingoni wakimtazama, kwa sababu hakuna aliyejua kuogelea. Yohanes alipokuja kutajirika kwa malori ya mahindi ya Madaba, alijenga nyumba, na nyuma ya nyumba akachimba bwawa la kuogelea. Watu wa mtaa walicheka. Walisema Songea ina baridi, na kwamba tajiri huyu amekosa pa kumwaga saruji. Kila Jumamosi Yohanes aliwakusanya watoto wa ukoo, na Xaveri akasimama majini akiwashika matumbo mmoja mmoja hadi walipojua kupiga miguu. Yohanes alipolazwa hospitalini kwa mara ya mwisho, alimshika mdogo wake mkono mbele ya baba yao mdogo, Mzee Otto, akasema, "Maji yale yasife."

Ugomvi ulizaliwa siku ya matanga. Kwa desturi ya ukoo ule, mdogo wa marehemu ndiye aliyepaswa kutangazwa msimamizi wa nyumba. Kabla Mzee Otto hajamaliza kulitamka jina la Xaveri, Kunegunda alisimama.

"Mimi si jembe," alisema, "hata niachiwe mdogo wa marehemu anitundike ukutani kwake. Nyumba hii niliijenga na mume wangu. Huyu atasimamia nini?"

Xaveri, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, siku ile alipata mengi kuliko yaliyohitajika. Alisema ndivyo walivyo Wangoni, wamezoea kukalia vya watu. Kunegunda, ambaye ni Mngoni wa baba na mama, akamjibu kwamba ndivyo walivyo Wamatengo, hujificha mapangoni mpaka vita viishe, kisha hutoka na kuuliza chakula kiko wapi. Maneno hayo husemwa kila siku na watani wa makabila hayo mawili, na watu hucheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

Mzee Otto aliamua. Nyumba ni ya mjane, na asisumbuliwe. Bwawa ni la Xaveri kulitunza, maadamu maji yake yanawafaa watoto wa ukoo. Xaveri ataingia kwa lango dogo la chuma la uchochoroni, wala hatauvuka mlimau ulioko kati ya bwawa na nyumba. Kunegunda naye hatayagusa maji yale, hata kwa kata moja. "Na siku maji yatakapokuwa hayamfai mtoto," alisema mzee, "lango lifungwe na shimo lifukiwe. Sitaki kuitwa tena."

Hivyo lango lile likawa ndilo pekee lililobaki kwa Xaveri katika nyumba ya kaka yake, nalo lilining'inia kwenye rangi ya maji.

Kila asubuhi aliingia na mkoba wake wa turubai, akapiga magoti ukingoni, akazamisha kichupa mpaka kiwiko kikalowa, kwa maana maji ya juu husema uongo. Jua limekwisha kuyachoma. Akajaza vijibomba viwili vya plastiki vyenye alama. Katika cha kwanza alidondosha matone ya kupimia klorini, ambayo huyageuza maji kuwa ya manjano. Katika cha pili alidondosha matone mekundu ya kupimia tindikali. Maji yakiwa machachu mno, rangi hukimbilia manjano. Yakizidi uchungu wa magadi, huwa kama juisi ya rozela. Xaveri alitaka rangi ya katikati, ile ya papai lililoiva vizuri. Akiipata, aliinua kijibomba mbele ya shati lake jeupe, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akaitikia kwa kichwa kana kwamba mtu amemsalimu.

Kunegunda alimtazama kutoka barazani, ungo wa maharage magotini.

"Mlamu wa Bwawani, mkojo wa leo unasemaje? Mgonjwa ana kisukari?"

"Ana afya kuliko mwenye nyumba."

"Haya. Mmatengo hawezi kuliona shimo akalipita. Tafuta mbegu upande maharage humo. Hilo nalo ni ngoro, ila la saruji."

Alimaanisha yale mashimo ambayo Wamatengo huyachimba katika miteremko ya mashamba yao ili mvua isiuchukue udongo. Xaveri aliufunga mkoba wake akatoka langoni. Katika mambo ya ngoro hakupenda mzaha.

Mwezi wa tisa, mtoto mmoja wa ukoo alitoka majini macho mekundu kama pilipili. Kunegunda alimshika mkono akamfikisha kwenye mlimau, mpakani kabisa.

"Tazama kazi ya dawa yako. Umezidisha."

"Haikuzidi. Imepungua."

"Imepungua?"

"Klorini ikiwa pungufu hushikamana na jasho na uchafu wa miili, ndipo inaponuka na kuwasha macho. Ikitosha hainuki."

"Kwa hiyo dawa ikidhuru, tiba yake ni kuongeza dawa hiyo hiyo."

"Ndiyo."

"Mlevi naye husema hivyo hivyo asubuhi."

Xaveri alikuwa amesema kweli, na alikuwa ameshindwa; jambo hilo lilimuuma kuliko kama angekuwa amekosea.

Oktoba katika Songea ni mwezi wa joto na vumbi, mvua ikiwa bado haijashuka. Katika mwezi huo ilikaribia kumbukumbu ya kwanza ya kifo cha Yohanes. Ukoo wote ungekuja kwa Misa, kisha chakula nyumbani. Leticia, binti wa Yohanes na Kunegunda, angetoka Dar es Salaam na wanawe. Kila mtu angepita nyuma kulitazama bwawa la marehemu. Hapo ndipo Kunegunda alipoizima pampu ya umeme iliyoyazungusha na kuyachuja maji.

Swichi ilikuwa ndani ya ukumbi wa nyumba, mahali ambapo Xaveri hakuruhusiwa kukanyaga. Alikuta kimya mahali palipozoea mngurumo, akasimama chini ya mlimau.

"Mlamu, pampu imezimika."

"Haikuzimika. Nimeizima."

"Hukumu ya Baba Mdogo ilisema—"

"Hukumu ilisema maji. Haikutaja umeme. Yohanes alikuachia maji, si ndiyo? Basi yachuje kwa chekeche."

Maji yasiyotembea hayakawii kuoza. Baada ya siku chache kuta zikawa na utelezi, kisha utandu wa kijani ukatanda kwenye kona, kisha bwawa lote likawa kama supu ya mlenda. Xaveri alisugua mpaka brashi ikapukutika. Klorini aliyokuwa nayo ilikwisha. Akaenda dukani kwa Abdulatifu, muuzaji wa dawa za maji na za mifugo, akakuta rafu tupu.

"Mzigo uko njiani, Mzee Xaveri. Wiki ijayo, Mungu akipenda."

"Wiki ijayo ni baada ya kumbukumbu."

"Basi waambie wageni waogelee kwa macho."

Xaveri alirudi kwenye vyumba vyake, akaketi kitandani, akalitazama lile kopo lililokuwa uvunguni. Ndani yake mlikuwa na mrututu, dawa ya kahawa itokanayo na shaba, chembe zake za buluu zikimetameta kama vioo vilivyovunjika. Utoto wake wote ulikuwa na rangi hiyo. Baba yake aliukoroga katika pipa pamoja na chokaa, akainyunyizia mibuni, na msimu mzima alikuwa na mikono ya buluu na mashavu ya buluu, mpaka wageni wakadhani ni mgonjwa. Alikuwa akisema hakuna ukungu wala utandu uliowahi kushindana na mrututu. Katika maneno hayo hakukosea. Hata mafundi wa mabwawa huutumia, ila kwa chembe kidogo sana, na kwa kuupima.

Xaveri hakuupima. Mtu yule aliyekuwa tayari kugombana kwa ajili ya tone moja, siku ile alipima kwa kiganja, kama baba yake kwenye pipa, kiganja baada ya kiganja, kwa sababu mkono uliolelewa na kahawa huamini kwamba unajua. Aliutia katika soksi kuukuu, akaifunga kwenye mti wa brashi, akalizunguka bwawa akiiburuta majini.

Utandu ukafa. Ukanyauka, ukazama, akaufagia na kuuopoa. Maji yakatakata yakawa na ubuluu mwepesi wa kupendeza, na vigae vya chini vikaonekana kimoja kimoja. Aliomba klorini kidogo kwa mtunza bwawa wa nyumba moja ya wageni, akaitia, akapima. Kijibomba cha kwanza kikawa sawa. Cha pili kikawa papai lililoiva. Xaveri aliitikia kwa kichwa. Hakukumbuka kwamba kipimo hujibu kile tu ulichokiuliza, na kwamba katika vijibomba vyake viwili hapakuwa na swali lolote kuhusu shaba.

Kunegunda alikuja hadi mlimau akayatazama maji kwa chuki isiyofichika.

"Umetia nini?"

"Jasho."

"Jasho la Mmatengo halina rangi hiyo."

Basi zikabaki siku chache, na bomba la mtaa likakauka. Ilisemekana bomba kubwa limepasuka mahali fulani, na mafundi wanalitafuta. Kwa bahati mbaya zamu ya kufua vitambaa vya altare ilikuwa ya Kunegunda. Miongoni mwa kina mama wa parokia yeye ndiye aliyesifiwa kwa weupe wa kufua kwake, na sifa hiyo aliilinda kama wengine wanavyolinda ng'ombe. Kumbukumbu ya mumewe ingeadhimishwa juu ya vitambaa vile vile.

Mchana wa siku iliyotangulia Misa, Xaveri aliingia langoni akasimama ghafla. Kwenye kamba, upande wa pili wa mlimau, vitambaa vya altare vilikuwa vimeanikwa. Havikuwa vyeupe. Vilikuwa na mabaka na mawimbi ya rangi iliyoko kati ya kijani na buluu, iliyokolea zaidi kwenye pindo, pale sabuni ilipokawia. Xaveri hakuhitaji kukaribia. Ilikuwa rangi ya mashavu ya baba yake.

Alitazama chini. Kutoka ukingo wa bwawa hadi kwenye beseni, vumbi lilikuwa na madoa ya maji yaliyodondoka.

Kunegunda alikuwa amesimama kando ya kamba, mikono imelowa, uso umekakamaa.

"Unatazama nini?"

"Natazama nguo."

"Hujapata kuona nguo?"

"Nimeona. Za rangi hii sijaona."

"Ni sabuni. Sabuni za siku hizi ni za kughushi."

"Na maji?"

"Ya kisima. Nimeomba kwa Biasha," alijibu upesi mno, akimtaja jirani yao.

"Maji ya Biasha ni mazuri," alisema Xaveri. "Nilidhani ni mazuri."

Wakatazamana. Katika siku nyingine yoyote Xaveri angepiga kelele mpaka mtaa ujae: mjane ameivunja hukumu, amechota maji aliyokatazwa. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini kila neno la kumshtaki Kunegunda lilikuwa na mkia, na mkia huo ulishikwa na kopo la mrututu. Kunegunda naye, ambaye bila shaka alikwisha kujua kwamba maji yale yametiwa kitu, hakuweza kuuliza kimetiwa kitu gani bila kueleza amejuaje. Walisimama hivyo kama mbuzi wawili kwenye daraja la gogo.

Kisha wazo jingine likamjia Xaveri, nalo lilikuja polepole na kwa uzito. Ikiwa maji yameifanya hivi nguo, yatalifanya nini tumbo? Mtoto anayejifunza kuogelea huyanywa maji kabla hajajua kuyatema. Dawa ya maji haya ilikuwa moja tu, kuyamwaga. Lakini kuyamwaga leo ni kutangaza kwamba hayafai, na kutangaza hivyo ni kulifunga lango kwa mkono wake mwenyewe, ukoo mzima ukishuhudia. Akinyamaza, labda hakuna atakayeogelea. Labda watatazama tu, wasifu, wale, waondoke.

Honi ililia mbele ya nyumba. Leticia alikuwa amefika, na njiani alikuwa amempakia Mzee Otto. Kabla watu wazima hawajamaliza kushuka, watoto walikuwa wamekwisha kuizunguka nyumba, mashati yako mikononi.

"Shikamoo Babu! Shikamoo Babu!"

Aliyetangulia alikuwa Beata, kitinda mimba wa Leticia, msichana asiyeogopa kitu. Alimpita Xaveri, akakunja magoti ukingoni kujirusha. Xaveri alimdaka mkono akamvuta nyuma kwa nguvu, naye akaangukia matako akaanza kulia.

"Hakuna anayeingia," alisema Xaveri.

Leticia alikuja mbio. "Baba Mdogo, kuna nini? Mbona unamvuta mtoto hivyo?"

Nyuma yake alifika Mzee Otto, akichechemea kwa fimbo, uso umekunjamana kwa njaa ya safari. "Nani analia? Kwa nini mtoto haingii majini?"

Xaveri alilitazama lango la chuma. Kisha akasema, na alichagua maneno yale yale ya hukumu kwa sababu hakutaka kujidanganya, "Maji haya hayamfai mtoto, Baba Mdogo."

Kunegunda alipiga kofi moja. "Mmesikia. Kwa kinywa chake. Leticia, wewe ni shahidi."

"Hayafai vipi?" alisema mzee. "Yanang'aa kama kioo."

"Yana mrututu. Nilitia mimi, nikazidisha."

"Mrututu huu wa kahawa?"

"Huo huo."

Mzee Otto alicheka kicheko kifupi kilichoishia katika kikohozi. "Umelinyunyizia bwawa kana kwamba ni mbuni wenye ugonjwa wa chulebuni."

"Basi lango lifungwe leo," alisema Kunegunda. "Ndivyo ulivyoamua, Baba. Jumatatu naagiza udongo."

"Ndivyo nilivyoamua," alikubali mzee. Aligeuka aende zake, na alipogeuka akakutana na kamba. Akasimama. Aliinua pindo la kitambaa kwa ncha ya fimbo, akalisogeza karibu na macho.

"Marehemu kaka yangu alikuwa na shati la rangi hii," alisema. "Shati la kunyunyizia. Hakuna sabuni iliyolishinda." Alimgeukia mjane. "Mama, mrututu uko bwawani. Kwenye kamba umepandaje?"

Leticia alisogea akavitazama vitambaa, akaiona misalaba iliyotariziwa.

"Mama, hivi si vya altare?"

"Bomba lilikauka," alisema Kunegunda.

"Nimekuuliza habari za bomba?" Mzee Otto aliipiga fimbo chini. "Mmoja ametia sumu katika maji ya watoto. Mwingine ameyachota maji aliyokatazwa, akayapeleka hadi altareni. Nami nimetoka mbali, sijatia kitu tumboni tangu alfajiri. Amueni wenyewe. Mkishindwa nitalifukia bwawa, na nyumba nitaifukia pia." Akaelekea jikoni akifuata harufu ya wali, na Leticia akawakusanya watoto akamfuata.

Wakabaki wawili, mlimau katikati.

"Nikilifunga lango," alisema Kunegunda, "ukoo utauliza sababu."

"Utauliza."

"Na sababu itafika parokiani."

"Itafika kabla ya Misa."

"Ungefurahi."

"Sana."

Kunegunda alifuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja. "Basi lango litabaki. Si kwa kukupenda. Lakini matone na vile vichupa vyako utaniachia mimi. Dawa utatia wewe, kupima nitapima mimi. Aliyepika asijisifie chumvi. Na chochote kitakachoingia humo kitapita kwanza mbele ya macho yangu, hata kama ni jasho."

Xaveri alihisi kana kwamba amevuliwa shati mbele za watu. Vichupa vile Yohanes alimkabidhi yeye. Lakini lango lilikuwa wazi, na upepo ulikuwa ukilichezesha.

"Na swichi?"

"Swichi itakaa ndani ya nyumba yangu."

"Ikiwa imewashwa?"

Kunegunda alikaza fundo la khanga. "Ikiwa imewashwa."

Xaveri aliutoa mkoba begani, akauning'iniza kwenye tawi la mlimau, upande wa Kunegunda. Kisha akasema, akiwa amempa kisogo, "Limau na chumvi. Sugua mabaka, suuza kwa maji ya kisima. Usitie sabuni kwanza."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna."

Malimau yaliyoiva yalikuwa juu, upande wa bwawa. Kunegunda alijaribu kuyafikia kwa kuchuchumia akayakosa. Xaveri aliliinamisha tawi kwa mkono mmoja, akitazama mbali. Kunegunda alichuma aliyoyataka, wala hakusema asante, wala Xaveri hakuitazamia.

Misa ilisomwa juu ya vitambaa vyeupe, isipokuwa kimoja, ambacho kilikunjwa pindo lake kwa ndani. Nyumbani wageni waliambiwa bwawa linabadilishwa maji. Wiki iliyofuata Xaveri aliyamwaga kidogo kidogo, lakini si kwenye mtaro, wala si kwenye bustani ya Kunegunda. Alichimba mashimo katika mteremko mtupu ulio nyuma ya uchochoro, kwa mpango ule ule wa kwao, shimo na tuta, shimo na tuta, ili udongo uyanywe maji yale polepole yasitambae kwenda kwa watu. Kunegunda alitoka hadi langoni akayatazama.

"Nilisema mimi. Lazima angelima ngoro tu."

Safari hii Xaveri alinyanyua jembe akamwelekezea mpini. "Karibu ulime. Lakini Mngoni husubiri mavuno."

Maji mapya yaliletwa kwa boza kutoka kwenye kisima kirefu. Yalikuwa mepesi na machachu, kama yalivyo mengi ya huko. Jumamosi moja, baada ya magadi kutiwa na pampu kunguruma kutwa nzima, watoto wa ukoo walikuja wakakaa ukingoni wamejifunga taulo, wakisubiri. Kunegunda alitoka na mkoba wa turubai. Alipiga magoti, akakidondoshea tone kijibomba, akakiinua mbele ya blauzi yake nyeupe.

"Papai," alisema Xaveri kutoka upande wake.

"Papai bichi. Ongeza magadi."

"Ni lililoiva. Uko kivulini."

"Kivuli ni cha mti wako."

"Mti ni wa mpakani."

"Bibi, tuingie?" aliuliza mtoto mmoja.

"Kaa chini." Kunegunda aliyamwaga maji, akakisuuza kijibomba, akainama tena. Alikizamisha kichupa taratibu, mdomo umeelekea chini, mpaka kiwiko kikalowa, ndipo akakigeuza kijae. Xaveri aliuona mkono ule ukizama, akasahau ubishi.

"Nani amekufundisha kuzamisha mpaka kiwiko?"

"Hakuna aliyenifundisha," alisema Kunegunda, akihesabu matone kwa midomo bila sauti. "Mwaka mzima nilikuwa nakaa pale barazani nikikutazama, nikitafuta kosa."

Alikiinua kijibomba kwenye jua. Wote wawili walikitazama, kila mmoja akingoja mwenzake atangulie kusema rangi.